Mikono hunitetemeka mbele ya ndugu zangu tu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 24, Mgujarati wa hapahapa Dar es Salaam. Babu mzaa baba alishuka jahazini akitokea Kathiawar, kule Gujarat ya India, baba akazaliwa Kisutu, mimi nikazaliwa Upanga. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kigujarati tatizo langu silipatii jina. Neno ninalolijua ni sharam, yaani haya, na haya kwa msichana wa kwetu ni sifa. Basi nimesifiwa tangu utotoni kwa kitu kinachonitesa.

Tuna duka la khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru. Dukani mimi ni mtu mwingine kabisa. Nabishana bei, nawasomea wateja maandishi ya khanga, na mama wa Mbagala akitaka doti sita kwa mali kauli najua kumkatalia huku tunacheka wote wawili. Sauti haikwami. Lakini akiingia mmoja wa kwetu, hata awe mama mdogo tu aliyepita kusalimia, mikono inaanza. Nikiwa nakata kitambaa naweka mkasi chini nisubiri aondoke. Simu ikilia mbele yake siipokei.

Nikufafanulie ndugu zangu usije ukapotea njiani: kwetu kaka ni ndugu wa baba, mama ni mjomba, dada ni babu. Najua unacheka, wateja wangu pia hucheka. Nikisema mami namaanisha mke wa mjomba, na Ba ni bibi yangu tunayeishi naye.

Mwezi uliopita walikuja watu wa mvulana. Walikuwa saba sebuleni, na desturi unaijua, msichana ndiye huleta chai. Mama mzazi alimimina vikombe saba, nikafunga dupata, mtandio wetu, vizuri, nikashika trei kwa nguvu zangu zote. Toka jikoni hadi sebuleni ni hatua kumi na moja. Kufika ya nne vikombe vilianza kugongana, nikasikia mazungumzo yanapungua, nikajua wote wamesikia. Nilipoinama mbele ya mama wa mvulana chai ilikuwa imejaa kwenye visahani kuliko vikombeni, na gathia, vitafunio vya unga wa dengu, za pembeni zimelowa. Mami akasema kwa upole, “Bahu sharmal chhe,” ana haya sana huyu. Wote wakatabasamu. Nikaenda chooni nikahesabu vigae vya ukuta mpaka kaka yangu, kaka wa Kiswahili, akaja kugonga mlango.

Kinachonishangaza, wamekubali. Wanataka kurudi. Nami naona wamemkubali mtu ambaye hayupo, msichana mpole mwenye haya, wakati mimi ndani nilikuwa nakufa. Usiku ule nilirudia hatua zile kumi na moja mpaka adhana ya alfajiri.

Ilianza nikiwa na miaka 13, ukumbini kwetu, nikiimba bhajan, wimbo wetu wa ibada. Nilisahau mstari wa pili. Hakuna aliyecheka, mama mmoja alinimalizia, tukaendelea. Ndiyo maana sijielewi. Tangu siku hiyo kila shughuli nina mahali pa kujificha. Harusini najificha chooni. Kwenye Navratri, sherehe yetu ya usiku tisa, wenzangu wanacheza garba, ngoma yetu ya duara, nami niko jikoni nakata viazi, na watu wananisifu kwamba napenda seva, yaani kujitolea.

Navratri ni mwezi ujao. Desemba anaolewa binti wa kaka yake baba, na wasichana wanane wa ukoo tunatakiwa tucheze jukwaani usiku wa sangeet, yaani usiku wa nyimbo na ngoma kabla ya harusi. Nimemwambia mama sitaweza. Akaniuliza swali moja tu, “Loko shu kaheshe?” Watu watasemaje. Baba hakusema kitu, aliendelea na gazeti.

Binamu yangu mwenye duka la dawa kanipa kidonge cha propranolol, kasema nimeze saa moja kabla wageni hawajafika. Sijameza, kwa sababu natumia pampu ya pumu nami naogopa kuchanganya dawa. Binamu mwingine yuko Leicester, ananiambia njoo huku, huku hakuna anayekujua.

Shangazi, je, mimi ni mgonjwa? Nikatae kucheza? Nimwambie mama nini? Na wale watu wakirudi, niwabebeeje trei?

Mwenye trei, Upanga

* * *

Marahaba mwanangu.

Naanza na kidonge, mengine yanaweza kusubiri. Usikimeze. Propranolol ni kweli hutuliza mapigo ya moyo na kutetemeka, hata wapiga fidla wa jukwaani wamo wanaoitumia. Lakini dawa hiyohiyo hubana njia za hewa, na mtu mwenye pumu hapewi. Binamu yako alikuwa na nia njema ila hakukuuliza swali ambalo mwenye duka la dawa anapaswa kuliuliza kwanza. Mrudishie, umwambie sababu ili asimpe mwingine.

Sasa nije kwenye trei. Mimi nimekulia Tanga, ukuta mmoja na familia ya Kihindi, na mzee wa nyumba ile sikuwahi kumwona akinywa chai kikombeni. Aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza, akaivuta kwa kelele mpaka sisi watoto tukaiga. Hata wazee wetu wa pwani walinywa hivyo. Kwa hiyo niliposoma kwamba chai ilijaa kwenye visahani nilicheka kidogo, nisamehe. Sikukucheka wewe. Nilimkumbuka mzee yule, ningemwona akisema, binti huyu kanirahisishia kazi.

Umeuliza kama ni mgonjwa. Kwa barua siwezi kukupima. Ninachoweza kukuambia ni kwamba unachokieleza kina jina na kina tiba. Mwaka 1966 madaktari wawili wa London, Isaac Marks na Michael Gelder, waliwatenga wagonjwa wenye hofu ya kutazamwa na watu, wakaonyesha kwamba hofu yao ni ya aina yake, na mara nyingi huanza mtu akibalehe. Mwaka 1980 Wamarekani wakaiingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili. Leo daktari ataangalia imekukaa zaidi ya miezi sita au la, na imekuzuia kuishi kiasi gani. Wewe unayo tangu una miaka 13. Kutokupokea simu, kuacha mkasi, kukesha mpaka alfajiri, hayo si tabia ya upole.

Wala si haya. Hapa nyumbani kwenu na kwetu tunakosea pamoja, maana hata sisi Waswahili msichana akiinamisha macho tunasema kalelewa. Haya humzuia mtu asifanye linalochukiza. Yako inakuzuia kuimba, kucheza na kula na wenzako, mambo ambayo unayataka na hayamchukizi mtu yeyote. Kila wanapokusifu kwa sharam na kwa seva wanakufungia mlango wa jikoni kwa nje bila kujua.

Wengi watakuambia, “Usijali, hakuna anayekutazama.” Kuna utafiti unaotajwa sana wa Thomas Gilovich na wenzake, wa mwaka 2000, uliofanyika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walimvika mwanafunzi fulana ya kumwaibisha, yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Alidhani karibu nusu yao wameiona. Walioiona hasa walikuwa karibu robo. Utafiti mzuri, lakini wale walikuwa wanafunzi waliokutana chumbani kwa dakika chache. Hakuna aliyekuwa anatafutiwa mchumba, wala hakukuwa na mami pembeni.

Wewe wanakutazama kweli. Nikikuambia hawakutazami utajua nakudanganya, na utaacha kunisikiliza.

Na wana sababu ya kutazamana. Hebu fikiria babu yako aliposhuka jahazini. Hakuwa na benki. Jora la kwanza la kitambaa alilipata kwa mali kauli, na kauli yenyewe ilikuwa jina lake, ile mnayoiita abru. Akisikika mlevi au binti yake kasemwa vibaya, mwenye bohari anasita. Kwa mfanyabiashara wa wakati ule maneno ya watu yalikuwa sehemu ya mtaji. Kisha mwaka 1971 serikali hapa ikataifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, na mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Wengi waliondoka. Waliobaki wakawa wachache, wakashikana zaidi, na kila mmoja akawa anamjua mwenzake mpaka kitovu. Mama yako akiuliza “loko shu kaheshe” anakurudishia swali aliloulizwa yeye, na kabla yake Ba. Si mkatili. Anahesabu mtaji.

Sasa turudi kwa wale watu saba. Walikutazama, chai ikamwagika mbele ya macho yao, na jibu lao ni kwamba wanaomba kurudi. Wewe na wao mlikuwa chumba kimoja mkaona vitu viwili tofauti. Wao waliona msichana aliyemwaga chai. Wewe hukuwaona wao kabisa! Nimeisoma barua yako mara tatu, hakuna hata uso mmoja ndani yake. Sijui huyo mama alivaa sari ya rangi gani, wala mvulana mwenyewe ana ndevu au hana. Umenieleza hatua zako, vikombe vyako, mikono yako na vigae vya choo.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili, David Clark na Adrian Wells, walieleza kinachotokea: mtu akihofu kutazamwa hugeuza macho yake ndani, akaanza kujitazama yeye mwenyewe kama vile yuko kwenye kiti cha mgeni. Picha anayoipata haitoki kwa wageni, inatoka kwenye mapigo ya moyo wake. Moyo ukienda mbio anajiona anatetemeka mwili mzima, hata kama kilichotikisika ni kidole. Kisha huwa na vijihila vya kujikinga, na vijihila hivyo ndivyo huilisha hofu. Vya kwako ni jiko, choo, mkasi, simu, na kushika trei kwa nguvu zako zote.

Hicho cha mwisho kijaribu leo dukani, mteja akipungua. Shika mkasi kwa nguvu zote hadi vidole viwe vyeupe, hesabu mpaka sitini, uangalie ncha yake. Itatikisika. Mkono wowote uliobanwa namna hiyo hutetemeka, hata wa bondia. Siku ile trei uliitikisa kwa kuizuia isitikisike.

Ndiyo maana nakupa kazi ya ajabu kidogo. Kila asubuhi mpelekee Ba chai kwa trei, umelegeza vidole, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Wengi wenye tatizo lako hujaza nusu kikombe ili kisimwagike, nawe usifanye hivyo. Ukishazoea kwa Ba, mpelekee mama mdogo atakapokuja, na safari moja imwage kwa makusudi. Kidogo tu, kwenye kisahani. Usiombe radhi mara tatu. Weka kikombe, nyanyua macho, umtazame usoni kama unavyomtazama mteja unayetaka kujua kama atanunua. Hapo utakuwa unatafuta jambo moja: anafanya nini? Nadhani atachukua gathia na kuendelea kusimulia habari za magoti yake.

Kabla ya kazi kama hizo andika kwenye daftari unachotarajia, “nitamwaga, atashtuka, atamwambia mami.” Ukimaliza andika kilichotokea. Wewe ni mtu wa duka, unajua huwezi kufunga hesabu kwa kubahatisha. Usiku unapolala ukirudia hatua kumi na moja unafunga hesabu bila stakabadhi hata moja, na kila usiku unajikuta na hasara. Fikra zikija saa nane za usiku ziambie hesabu imo daftarini.

Sasa Navratri. Umenisikitisha kwa kuiogopa, kwa sababu nikitazama naona kama wazee wenu walikutengenezea dawa kabla hujazaliwa. Mtaalamu wa hofu angekuambia nini? Nenda penye unachokiogopa, urudie mara nyingi, siku zikiwa karibu karibu, kwa kiasi unachokiweza, mpaka mwili uchoke kushtuka. Wewe unao usiku tisa mfululizo, ukumbi uleule, watu walewale, hatua zilezile. Na garba huchezwa kwa duara. Duara halina mstari wa mbele. Anayekufuata anaona mgongo wako, nawe unaona mgongo wa aliyekutangulia, na katikati kipo chungu cha udongo chenye matundu, taa ikiwaka ndani, au picha ya mungu wenu, Mama Amba. Ndiko macho ya duara yanakoelekezwa. Mikono nayo ina kazi, tran tali, makofi matatu, na mkono unaopiga makofi hauwezi kuonekana unatetemeka.

Nisingekuambia ucheze usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza vua viatu, ingia, simama kwenye aarti, ibada ya taa, pokea prasad, chakula kilichobarikiwa, kaa nusu saa karibu na ukuta, kisha uage mtu mmoja na kuondoka kwa mlango wa mbele. Masharti ni mawili tu, jikoni huingii na chooni unakwenda kwa haja ya choo. Usiku wa pili fanya vilevile. Moyo utapiga, uache upige. Ukikaa bila kukimbia huwa unafika kileleni na kuanza kushuka wenyewe, na hilo hujawahi kuliona kwa sababu huwa umeshaondoka. Usiku wa tatu au wa nne ingia duara la nje, wanakochezea mama wazito na watoto, mzunguko mmoja. Ukikosea hatua, kosea. Chagua kitu cha kutazama: nani ana chania choli, sketi na blauzi ya garba, iliyofumwa vioo, nani anapiga makofi nje ya mdundo, mzee gani anacheza kama yuko peke yake duniani. Kuna mmoja kila ukumbi. Usiku wa tano ukishindwa kutoka kitandani, usijihukumu, kuna wa sita.

Mwombe kaka yako akurekodi kwenye simu usiku mmoja, kwa mbali. Watakaorekodi ni wengi hata hivyo. Kabla hujatazama video andika kwenye karatasi unachotarajia kukiona, kisha itazame kama unamtazama msichana usiyemjua. Wataalamu hutumia njia hiyo, na mara nyingi mtu hukuta kwamba tetemeko lililokuwa kubwa ndani ya mwili wake halionekani hata kidogo kwa nje. Itazame mara moja au mbili, si mara hamsini.

Jukwaa la Desemba ni jambo jingine. Jukwaa lina mbele, nalo ni bhajan ya miaka 13 imerudi kwa mavazi mapya. Mimi ningejibu, nacheza, lakini safu ya nyuma, wimbo mmoja badala ya mitatu, na sitaki kipande cha peke yangu. Kataa kabisa na hofu itakuwa imeshinda tena. Kubali yote na utaumwa tumbo kuanzia Oktoba. Wewe ni mwenye duka, bei ya kwanza si bei.

Kwa mama usianze na neno “ugonjwa wa akili”. Najua ingekuwa vizuri tuweze kulisema wazi, na iko siku tutaweza, lakini katika jamii ndogo neno hilo hukimbia mpaka kwa watu wanaotaka kumwoa dada yako. Anza na mwili: “Mummy, mikono inatetemeka, silali, na imenianza tangu siku ya bhajan.” Mama wa Kigujarati aliyesikia kwamba mtoto halali hawezi kukaa kimya, atakuletea maziwa ya manjano usiku huohuo. Kunywa, kisha mwambie unataka kuonana na mtaalamu, na kwamba nyinyi wawili tu na kaka ndio mtakaojua. Kwa baba sina la kukuambia. Wababa wenye magazeti mara nyingi wanasikiliza kuliko tunavyodhani, na pengine ukurasa ule hakuugeuza.

Mtaalamu mtafute asiye wa jumuiya yenu, na swali lako la kwanza kwake liwe nani mwingine anaona faili. Muhimbili wanayo idara ya afya ya akili, nayo iko Upanga hiyohiyo. Ukionwa getini, mtu huenda hospitali kubwa kwa sababu elfu moja. Mwambie unataka tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi fikra na matendo. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2013 umeiweka ya kwanza kwa hofu hii, kama vikao 14 hivi ndani ya miezi minne. Dawa zipo pia, za kumeza kila siku kama sertraline, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Mtajie pumu kabla hajashika kalamu.

Leicester? Mwanangu, nani kakudanganya? Mwaka 1972 baraza la mji lile lilitangaza kwenye gazeti la Uganda kuwasihi Wahindi wasiende huko, nao wakaenda. Leo Diwali ya Belgrave Road inajaza barabara nzima, na nusu ya kina mami utakaokutana nao wana shangazi Kisutu. Nenda kusoma, nenda kutembea, nenda hata kuolewa ukitaka. Ukienda kujificha utakuta jiko jingine lina viazi vinakusubiri, na baridi juu yake.

Limebaki la mvulana, nawe umeliweka mwisho kama vile dogo. Usikatae kwa sababu ya trei, na usikubali kwa sababu ya trei. Nimewajua wasichana waliosema ndiyo kwa mchumba wa pili ili tu waache kubebeshwa vikombe, ndoa ikawa jiko lao la kujificha. Waombe mkutane kwanza nyinyi wawili mahali pa wazi, kaka yako akiwa meza ya pili. Familia nyingi za kwenu siku hizi hukubali. Hapo mwambie kijana sentensi moja ya kweli: “Siku ile sikuwa na haya, nilikuwa na hofu, na ninaishughulikia.” Halafu mtazame usoni usikie atasema nini. Wewe ulihofia wamemkubali mtu ambaye hayupo. Basi mpelekee huyo aliyepo, huyu anayewapigisha bei watu wa Mbagala, ndiyo ujue kama ni mtu wa kuishi naye.

Wakirudi nyumbani, vikombe vijae, vidole vilegee. Hatua usizihesabu, zihesabu sari. Na kesho asubuhi anzia kwa Ba. Kama bado anakunywa kisahanini kama wazee wa zamani, mpe na kisahani kikubwa. Usiku wa nne wa Navratri ukishapita, niandikie.

Shangazi